Alichokiona Ami Nassor

Siku hizi vijana wa Maskati wanalipa ili watembezwe wadini, kwenye yale mabonde ya mito ya milimani. Wanavaa kofia za ukingo mpana, wanashika fimbo mbili mbili, wanapigana picha mbele ya majabali, na jioni picha zimeshajaa kwenye simu za sisi wengine tuliobaki nyumbani na mafuta ya kuchulia magoti. Siwaonei wivu. Mimi mwaka wangu wa kutembea nilikwenda bure, nikala vizuri, na wala sikwenda kwa kupenda. Nilitumwa, kama mtu anavyotumwa dukani, na kila niliporudi niliulizwa nimeleta nini. Aliyenituma alikuwa Shangazi Zuwena. Tumemzika majuzi, hapa hapa Bawshar, na baada ya matanga, wageni walipokwisha kuondoka na tukabaki mimi na binti yake Raya na masufuria yasiyokwisha, Raya alikaa kitako kwenye sakafu ya jikoni, akanyoosha miguu, akasema, "Yule mama yetu alitutembeza, Maimuna." Nikacheka mpaka nikashika sinki. Kisha tukalia, na kisha tukarudi kwenye masufuria.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa ishirini na kidogo, nimefika karibuni kutoka Unguja. Nilifikaje na kwa nini ni mambo marefu yasiyohusika hapa. Nilipata kazi ya kupokea simu kwenye duka la magari pale Wattaya, na kwa Shangazi nikapewa chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa jirani. Nyumba ilikuwa kubwa, ya kawaida ya Bawshar, yenye sebule ambayo hakuna aliyeikalia ila wageni wa Idi. Maisha yote yalikuwa jikoni na chumbani kwa Shangazi, na lugha ya vyumba hivyo viwili ilikuwa Kiswahili. Kiarabu kilianzia mlangoni. Waliokulia huku hawaoni ajabu, lakini mimi ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu anaweza kuvaa lugha anapotoka kama anavyovaa abaya, na kuitundika anaporudi. Kazini msimamizi wangu alikuwa akinisahihisha Kiarabu changu mbele ya wateja, kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angenifokea. Nikajizoesha kusema machache.

Mume wa Shangazi, Ami Nassor, alikuwa mstaafu aliyeshindwa kustaafu. Kila Ijumaa ya msimu wa baridi alimpakia mkewe kwenye gari na kwenda naye kwenye makorongo yaliyo juu ya Shinas, karibu na mpaka wa Imarati, nchi ya Falme za Kiarabu, kwa sababu huko, alisema, ndiko maji yanakokaa mwaka mzima bila kuombwa. Siku zile mpaka ulikuwa jambo la barabarani tu, kibanda na askari na mhuri. Huko milimani hakuna aliyejua hasa umepita wapi. Watu wa upande huu na wa upande ule walikuta maji, wakakaa, wakala, wakarudi makwao. Korongo alilolipenda Ami Nassor liliishia kwenye bwawa la kijani lililozungukwa na mawe marefu, na wenyeji walisema mpaka unapita katikati ya bwawa hilo, jambo lililomfurahisha sana. Alipenda kuogelea nchi mbili kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa yake ya mwisho nilikuwa nyumbani waliporudi, ndiyo maana nayajua maneno yenyewe. Shangazi alikuwa amechoka njiani. Goti lilimsumbua, na zaidi ya goti, walikuwa wamenuniana kwa ajili ya chumvi ya wali. Akakataa kwenda mpaka mwisho, akabaki chini ya mkunazi na hotipoti lake, na Ami Nassor akaenda bwawani peke yake. Jioni tulikaa mezani, tukila mikate ya mofa na mchuzi wa papa, na yeye uso umemng'ara, hawezi kutulia kwenye kiti.

"Leo umekosa, Zuwena," akasema.

"Nimekosa nini?"

"Ijumaa inayokuja utainuka tu, na goti lako hilo."

"Nassor, nimekosa nini?"

"Sisemi. Utakwenda uone kwa macho yako."

Shangazi akamwambia yeye si mtoto wa kufanyiwa mafumbo, akamsogezea kibakuli cha ndimu na pilipili, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya taa ya uwani. Jumanne Ami Nassor alianguka akitoka kuoga, hakuinuka tena. Kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa imejaa watu, na mimi nilikuwa nikikimbia na trei za kahawa bila kuamini ninampelekea nani na kwa nini.

Mjane kwetu anakaa eda, au kizuka kama tunavyosema Waunguja: miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, hajipaki manukato, hatii wanja, anavaa nguo zisizo na mapambo. Shangazi aliingia kizuka bila kunung'unika. Alikuwa na imani yake na aliijua. Lakini kizuka kile kilichukua msimu wote wa baridi, msimu pekee ambao mtu anaweza kutembea milimani hapa bila kujiua, na yeye alikuwa na swali ambalo lilikuwa limebaki huko juu, mwisho wa korongo. Matanga hata hayajapoa akaniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye ukuta, nguo nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunukia udi.

"Raba unazo?" akaniuliza.

"Nnazo, Shangazi."

"Ijumaa utakwenda na Khalfan na Raya. Nnataka kujua Nassor kaona nini."

Khalfan, mwanawe mkubwa, ndiye atakayeendesha gari. Nikamwambia Raya ni binti wa Ami Nassor mwenyewe, amekwenda huko tangu mdogo, angeona vizuri zaidi kuliko mimi.

"Raya haoni kitu," akasema. "Raya akenda wadini anatazama asiharibu viatu. Wewe mgeni, macho yako hayajazoea. N'endee, mwanangu, unitazamie."

Ndivyo nilivyokuwa macho ya Shangazi. Ijumaa ile ya kwanza tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Neema, dada wa Singida aliyefanya kazi nyumbani, alitufungia wali wa nazi, samaki wa kukaanga, kachumbari kwenye kopo lake na chupa mbili za chai ya tangawizi, akatutazama tukipakia.

"Kwa hiyo mnaendesha masaa yote hayo kwenda kuangalia mawe?" akauliza.

"Na maji," Raya akasema.

"Kwetu mawe yamejaa, dada. Hakuna anayeyafuata na hotipoti."

Njia ya Batina ni ndefu na imenyooka, misikiti kulia, migomba na mitende kushoto, na Khalfan hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa amefiwa na baba yake na sasa anatumwa na mama yake kutafuta kitu kisicho na jina. Baada ya Shinas tuliacha lami. Gari likapanda juu ya changarawe za mto mkavu mpaka njia ikakataa, na hapo tukashuka. Sehemu ya kwanza ilikuwa msitu, sina neno jingine la kuuita ingawa mtu wa msitu wa Jozani kwetu Unguja angecheka. Migunga na mikunazi iliyoshikana, mitende ya shamba lililoachwa, na ukoka chini yake uliokuwa kijani kweli kweli kwa sababu ya mfereji wa falaji uliopasuka zamani na kuachwa umwage maji utakavyo. Ndege wengi. Baada ya miezi ya viyoyozi na vioo vya Wattaya nilisimama pale, nikasikia miguu yangu inaikumbuka ardhi, na nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi, maana tulikuwa katika msiba.

Kisha korongo likaanza. Kuta zilitukaribia taratibu, kahawia, kijivu, mahali pengine zambarau, mpaka anga ikawa mshipi mwembamba juu ya vichwa vyetu. Tulitembea juu ya mawe yaliyolainishwa na mafuriko, tukivuka maji huku na huku. Kila uliposema neno lilikurudia kutoka pembeni. Nikasema kitu kwa Raya, sikumbuki nini, pengine kuhusu vyura, na sauti yangu ikatangulia mbele yetu yote kwa Kiswahili changu cha Unguja.

"Sauti, Maimuna," Raya akaninong'oneza. "Kuna watu."

Hakuwa mbaya, Raya. Alikuwa amekulia katika skuli ambamo watoto waliokuwa na mama wanaosema Kiswahili walipewa majina ya kejeli, na alikuwa amejifunza mapema kuificha lugha yake mfukoni. Nami nilikuwa na msimamizi wangu wa Wattaya kichwani. Basi tukateremsha sauti, na tulipofika bwawani na kukuta familia imetandika mkeka upande wa pili wa maji, tukatoa salamu zetu kwa Kiarabu safi kadiri tulivyoweza, wakatujibu kwa Kiarabu chao cha Imarati. Bibi mmoja alikaa chini ya mwavuli mkubwa, shela nyeusi imemshuka mpaka machoni, na wajukuu wakirushiana maji. Mmoja wao alituletea sahani ya tende na birika la kahawa, tukashukuru, tukarudisha sahani na machungwa. Adabu ilitimia. Sisi tukageukia kutafuta alichokiona Ami Nassor.

Nilitafuta kwa bidii zote. Nilitazama kila jiwe na kila ufa. Na jioni, tukiwa bado na vumbi la njia, niliingia chumbani kwa Shangazi, nikakaa kwenye zulia, akanambia, "Haya. Nianzie mlangoni." Hakutaka nimrukishe. Alitaka gari limeachwa wapi, kivuli kilikuwa upande gani, nani alitangulia kuvuka maji. Alifumba macho nikisimulia, na miguu yake chini ya shuka ikawa inajongea kidogo. Nikifika bwawani alifumbua macho, na hapo nilitoa nilichonacho. Ijumaa ya kwanza nilileta mtini wa porini ulioota katikati ya jabali, mizizi yake ikining'inia mpaka majini.

"Siyo huo," akasema. "Mtini ule tumekula chini yake mwaka Raya alipofunga ndoa. Nassor kapanda kutafuta tini, akakwama, ikabidi wachunga mbuzi wamshushe na kamba. Nlicheka mpaka nkaumwa na mbavu."

Ijumaa nyingine nilileta samaki wadogo wanaotekenya miguu. Siyo hao, maana Ami Nassor alikuwa akiwaita wajukuu zake na kuwamegea mkate. Nilileta ukuta uliojaa mimea laini inayotiririka maji hata pasipo na mvua. Siyo huo, hapo walikuwa wakipoza maziwa. Nilileta bundi aliyelala mchana kweupe ndani ya pango, nikadhani nimempata. Shangazi akatikisa kichwa, akasema Nassor alikuwa anamuogopa bundi na asingemficha hata dakika moja, angekuja mbio. Sasa hivi, na mimi nimeolewa na nimekuwa mjane vile vile, ndiyo naona nilichokuwa nikipewa. Nilijifunza ndoa nzima ya watu wawili kwa kuleta mambo ambayo siyo. Kila alipokataa kitu alinipa siku moja ya maisha yao, na zilikuwa siku za kawaida mno, za maziwa na kamba na ugomvi wa chumvi, na nilitoka chumbani mle nikitamani nizipate na mimi.

Siku moja nilimwambia kwamba kuna jina limechongwa kwenye jiwe karibu na maji, limefifia, nusu limeliwa na jua.

"Hilo kalichonga mwenyewe," akasema. "Nlimkataza. Mimi sipendi kuchonga chonga majina, nlichapwa nalo skuli. Mimi na Jokha, dawati moja, tukachonga majina yetu kwa mkasi wa darasa la ushoni. Mwalimu akatuchapa wote wawili, na Jokha akacheka, tukachapwa tena."

"Jokha yuko wapi sasa?"

"Mungu anajua. Mwaka wa vurugu waliondoka, sisi tukaondoka, kila mtu na jahazi lake au ndege yake. Wengine wakisema yuko Misri, wengine wakisema kafia Kuwait. Nlimtafuta mpaka nkachoka, Nassor akanitafutia na yeye." Akajifunika vizuri miguu. "Walikuwepo watu leo?"

"Wale wale wa upande wa pili. Waarabu tu."

"Waarabu tu," akarudia, na kwa mara ya kwanza siku hizo akatabasamu. "Na wewe, mwanangu, nani?"

Katikati ya msimu wanawake waliokuja kumtazama wakaanza kuleta habari ya uzio. Walikaa naye alasiri, wakinywa kahawa na kula halua, na mimi nikipita na trei nilisikia vipande. Ati mpaka wote utawekwa seng'enge, kutoka baharini mpaka jangwani. Ati Buraimi, mji wa mpakani, tayari watu wanazunguka kwenda kumsalimia jirani waliyekuwa wakimpigia kelele dirishani. Ati mabonde nayo. Shangazi aliwasikiliza, na wakishaondoka aliniita na kuuliza jambo moja tu, kama nimeona nguzo. Mwanzoni sikuziona. Kisha Ijumaa moja niliona alama za rangi nyekundu kwenye mawe. Kisha, juu kabisa ya mlima, watu wawili na kifaa cha kupimia juu ya miguu mitatu. Nilimwambia, kwa sababu alinituma nimwambie ninachokiona, na nikamuona akihesabu kimya kimya siku za kizuka zilizobaki na siku za jua lililokuwa linakuja.

Alitoka kizuka joto likiwa limeshaanza. Wanawake walikuja kumuogesha na kumfukiza, nyumba ikanukia udi tena, Neema akapika bokoboko, na sufuria halijatoka mezani Shangazi akasema Ijumaa anakwenda bwawani. Usiku ule haukuwa na amani. Nilikuwa uwani nikianua nguo, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi, nikamsikia Khalfan akimwambia dada yake kwamba mama ana sukari, ana goti, na jua la mwezi huu halimjui mtu.

"Na usipompeleka?" Raya akauliza.

"Kuna nini kule, Raya? Tumekwenda msimu mzima. Hakuna kitu. Baba alikuwa akimtania tu, alitaka ainuke. Unataka nimpandishe mama mlimani akaone kwamba katiwa maskhara?"

Nikamsikia Raya akifungua bomba na kulifunga. "Basi akaone hayo maskhara," akasema. "Ni yake."

Nilibaki pale na nguo mkononi na hofu yangu, maana ndilo nililokuwa nikiliogopa mwenyewe. Nilikuwa nimetazama kila kitu kilichokuwa kule. Kama kulikuwa na cha kuona, ningekiona, na nilimpenda Shangazi kiasi kwamba sikutaka niwepo siku atakapojua hakuna.

Mdomoni mwa wadi Ijumaa ile tulikuta gari la askari na kijana mmoja mpole aliyetuamkia vizuri na kumwambia Khalfan tuwahi kurudi, kwa sababu kazi inaendelea juu na wiki zijazo hakuna atakayeruhusiwa kupita. Tuliziona nguzo zenyewe, za chuma, zimesimama mstari juu ya mlima, na marobota ya waya yamelala chini yake. Shangazi hakuzitazama. Alikuwa amevaa raba za Raya na soksi mbili, bakora ya Ami Nassor mkononi, na alianza kutembea kabla Khalfan hajafunga gari.

Tulikwenda polepole sana. Khalfan mbele, Raya nyuma na chupa za maji, mimi nimemshika mkono. Msituni alipumzika kwenye ukoka na kula chungwa. Ndani ya korongo alikuwa akinipima. "Jiwe hili ulinambia liko kulia," alisema, nami nikasema lilikuwa kulia, ni sisi tumelizunguka, akasema haya. Mahali pa kuvuka Khalfan alimbeba mgongoni, na yeye akampiga piga begani kumwambia asiteleze. Nilikuwa nikiomba dua moja tu, kwamba hata nyoka mzuri atokee, hata upinde wa mvua, chochote ambacho sikuwa nimekileta.

Bwawa lilikuwa pale pale, limepungua kidogo kwa jua. Wale watu wa upande wa pili walikuwepo, mkeka wao na mwavuli wao, na tukatoa salamu za Kiarabu kama kawaida, na Shangazi naye akaitikia na kuamkia kwa Kiarabu kama mtu yeyote. Kisha akakaa juu ya jiwe, akatazama. Alitazama mtini. Alitazama ukuta unaotiririka, na pango, na jina lililofifia. Aligeuka pole pole, kila upande, na hakuharakisha, na sisi watatu tulisimama nyuma yake kama tuliosubiri majibu ya daktari. Mwisho akashusha pumzi.

"Ni kama ulivyonambia," akasema. "Hukunificha kitu." Na sauti yake ilikuwa imechoka sana, hata Khalfan akageuza uso.

Nikamvua raba na soksi. Alitaka angalau atie miguu majini, basi nikamsogeza ukingoni, akaiteremsha, na wale samaki wakaja mbio kwenye vidole vyake. Shangazi hakuwa na kawaida ya kuteremsha sauti. Hakuna aliyewahi kumfundisha. "Mama yangu we," akasema, na korongo zima likamsikia, "vinanitekenya hivi visamaki. Maimuna, n'shike, n'taanguka miye."

Raya alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia sauti. Ng'ambo ya maji yule bibi akausukuma mwavuli pembeni. Akasimama kwa shida, akimshikilia mjukuu.

"Nani huyo anayesema?" akauliza. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Mjini, cha kule kule.

Nadhani sote watatu tulikuwa tunahesabu Ijumaa zetu, tende zile, machungwa yale, salamu zile safi.

"Ni Zuwena?" bibi akasema. "Zuwena wa Mtendeni?"

"Nani wewe?"

"Jokha. Nani mwengine angechapwa na wewe mara mbili?"

Yaliyofuata miaka yote baadaye ni marefu na mengine nimeyasahau. Uzio ulifungwa mwezi ule ule, na bwawa likabaki ndani yake, na mimi sijalifikia tena. Bi Jokha alikuwa na mambo yake ya karatasi upande ule ambayo yalichukua miaka kutengenezeka, na kabla hayajatengenezeka walikuwa wakipigiana simu kila asubuhi baada ya chai, wakigombana nani aliyeanza kuuchukua ule mkasi. Binti yake mwenyewe, Bi Jokha alikuja kutueleza, naye alikuwa akimwambia ateremshe sauti kila walipokuja bwawani, kwa sababu kuna Waomani upande wa pili. Tumelicheka hilo mpaka tumezeeka, na bado likinijia peke yangu silicheki sana.

Lakini siku ile, kwanza, walitazamana tu, maji katikati yao. Bi Jokha alianza kuingia majini na nguo zake zote, mjukuu akimvuta nyuma, na Shangazi akaingia kutoka upande wetu, mimi nimemshika kiuno, mpaka yakatufika magotini. Khalfan alikuwa amenyoosha mkono kutuzuia kwa ajili ya mpaka, kisha akauteremsha.

"Nassor yuko wapi?" Bi Jokha akauliza. "Kanikuta hapa mwanzo wa baridi, anaogelea na kuyasifu maji kwa Kiswahili, nkamuuliza wa wapi, akanambia mke wangu ni fulani. Nkalia hapa hapa. Nkamwambia nipe namba yake nimpigie. Akakataa. Kasema ukimpigia simu, mimi sitauona uso wake akikutambua. Kasema Ijumaa ya pili yake atakuleta." Akatazama nyuma yetu, korongoni, kama atakayetokea. "Kila nkipata gari nakuja. Yuko wapi?"

Shangazi akaivuta shela yake nyuma, ikaanguka mabegani, na nywele zake nyeupe zikawa wazi, na jua likampiga usoni pote.

"Basi uso huu utazame wewe, Jokha," akasema. "Na fungu la Nassor utazame wewe."